Shangazi Tujibu: Wanawake walioibadili dunia, na mmoja katokea Ukerewe

Wiki hii maswali mengi yamekuja na mada moja, nadhani ni midahalo ya mashuleni, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Nyie wa mambo ya ndoa msininunie, zamu yenu inakuja.

Mwangaluka Shangazi. Binti yangu yupo form two, wamepewa mdahalo wa wanawake walioibadili dunia. Kachukua majina ishirini kwenye simu, malkia wa wapi sijui, mke wa rais wa wapi, anayakariri tu na ukimuuliza walifanya nini hajui. Nimsaidieje? – Mama wa watatu, Igoma

Mwangaluka mama. Hayo ishirini afute, abaki na matatu au manne. Mi kipimo changu ni kimoja tu, huyo mama kaacha nini ambacho watu wanakitumia mpaka leo? Akikosa jibu, jina litoke hata kama ni malkia.

Na kwa mbu wa huko kwenu aanze na Tu Youyou. Najua hamjamsikia, ila dawa yake mmeshaimeza. Ile mseto ya malaria, vidonge vya njano, mtu mzima anameza vinne vinne mara mbili kwa siku mpaka viishe vyote 24 siku ya tatu, humo ndani kuna dawa mbili na moja wapo imetokana na kazi ya huyu mama wa Kichina. Ilikuwa enzi za vita ya Vietnam, askari wengi wanaangushwa na malaria, klorokwini imeanza kugoma (wenye umri wangu mnaikumbuka, unapona homa unabaki unajikuna mwili mzima), China wakaanzisha mradi wa siri mwaka 1967, na 1969 wakampa yeye kuongoza kikundi. Watoto wake walikuwa bado wadogo, ikabidi awaache walelewe na wengine.

Kikundi chake kikapekua vitabu vya waganga wa zamani, mapishi ya dawa zaidi ya 2,000, wakajaribu mmea mmoja baada ya mwingine. Kuna mmoja, pakanga, ulionyesha dalili nzuri af ukirudia jaribio unafeli. Sasa hapa ndo patamu. Akarudi kusoma kitabu cha mganga aliyeishi miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, akaona kimeandika loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna mahali kimesema chemsha! Sisi na mwarobaini wetu, na wao vilevile, kila kitu ni sufuria jikoni, kumbe moto ndo ulikuwa unaua dawa. Akabadilisha njia, akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo tu, na 1971 dawa ikaua vimelea vyote kwenye panya na nyani. Mwaka uliofuata, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, akainywa mwenyewe na wenzake kuona kama ina sumu.

Miaka mingi hakuna aliyemjua, hata karatasi ya kwanza ya utafiti ilitoka 1977 bila majina ya watu. Nobeli, ile tuzo kubwa ya dunia, kaja kuipata 2015, hana PhD, hajasoma nje ya nchi. Mwambie binti aisimulie hivyo hivyo kwa mpangilio huo, majaji watakaa kimya. Na mama, hii isiwe sababu ya kuanza kuloweka majani nyumbani, malaria ikipimwa ikaonekana mnameza mseto na mnamaliza dozi.

Mambo Shangazi. Mi nipo upande wa kupinga kwenye mdahalo. Marie Curie, yule mwanasayansi wa mionzi, wanamsifia sana lakini si alibebwa na mume wake? Walipewa tuzo pamoja. – Mpinzani, Buzuruga

Poa mdogo wangu, ila utaumbuka. Tuzo ya 1903, Nobeli ya fizikia, kweli alipewa pamoja na mumewe Pierre, na mwanasayansi mwenzao Becquerel wa tatu, lakini mwanzo kamati ilitaka kumwacha mwanamke nje, Pierre mwenyewe ndo akaandika kudai mke wake ajumuishwe, maana kazi ilikuwa ya wote wawili. 1906 Pierre akagongwa na mkokoteni wa farasi akafariki. 1911 Marie akapata Nobeli nyingine, ya kemia safari hii, peke yake. Sasa hapo alibebwa na nani? Mpaka leo hakuna mwingine mwenye Nobeli za sayansi mbili tofauti, mwanaume wala mwanamke. Na hiyo ni binti aliyezaliwa Warsaw ambako chuo kikuu hakikupokea wanawake, akasoma kwa kificho kwanza ndo akaenda Paris. Leo mgonjwa wa saratani akipelekwa hospitali ya Bugando kupigwa mionzi, mzizi mmoja wa njia hiyo ni radiamu aliyoigundua yeye na mumewe. Tafuta hoja nyingine.

Shikamoo Shangazi. Babu yangu kila mama akibisha anasema "hayo mambo ya Beijing", af anasema huyo mama wa Beijing ni wa huku kwetu. Ni kweli au ananitania? – Mwanafunzi, Nansio

Marahaba mwanangu. Babu hakutanii. Gertrude Mongella kazaliwa hapo hapo Ukerewe 1945, akawa mwalimu, akawa waziri, akawa balozi wetu India, na ule mkutano wa nne wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing Septemba 1995, Katibu Mkuu wake alikuwa yeye. Fikiria, nchi 189 zinavutana, huyu hataki neno hili, yule dini yake haitaki lile, na anayeongoza maandalizi yote ni mtu wa kisiwani kwenu ambako mpaka leo mtu akienda Mwanza mjini anawaza kivuko. Wakatoka na maeneo 12 ya kufanyia kazi, la 12 ni mtoto wa kike, yani wewe (kama ni wa kiume basi dada yako). Baadaye akawa mbunge wenu, na 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Wanaume wengi wa hapa walibaki na utani wa babu yako tu. Muulize shamba la bibi limeandikwa jina la nani, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Muulize kwa adabu lakini.

Shangazi, waimbaji wanahesabika au ni madaktari na wanasiasa tu? – Mpenda taarabu, Kirumba

Wanahesabika sana. Siti binti Saad wa Fumba, Zanzibar, familia ya wafinyanzi, alikuwa akiuza vyungu, 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili wakati hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewahi, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bibi Titi Mohamed nae alianzia kwenye ngoma, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba pale Dar, na TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955 alipita kwenye vikundi hivyo hivyo vya ngoma akaingiza maelfu ya kina mama kwenye chama, wakati wanaume wengi waliogopa kufukuzwa kazi na serikali ya mkoloni. Kama na wewe upo kwenye huo mdahalo, anza na hao wawili.