Kaya 40 kwenye robo ekari: maji yatoke wapi, na nani apewe tuta?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mtaa wetu huku Mkolani, jijini Mwanza, umeturuhusu kulima mboga kwenye kiwanja cha wazi, kama robo ekari, udongo wa kichanga na mawe mawe. Kaya 40 tumeshajiandikisha na watu bado wanakuja. Chini ya kiwanja kinapita kijito, na wapo wanaosema tumwagilie kwa maji hayo. Halafu tunabishana: wengine wanataka kila kaya ipewe tuta lake, wengine tulime pamoja tugawane mavuno. Tushike lipi?

Jibu: Salama, dada yangu. Ugomvi wa matuta uwekeni pembeni kwanza, mpige hesabu ya maji. Maji ndiyo yatakayowaonyesha mna nafasi ya watu wangapi.

Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Ukitoa mawe, njia, kitalu na mahali pa mboji, mtabaki na nusu yake: matuta 50 ya mita 1 kwa 10. Tuta moja la mchicha au chainizi, kiangazi cha Juni hadi Septemba, linahitaji kama lita 50 kwa siku, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Matuta yote 50 ni ndoo 125 kila siku ya Mungu. Kwa bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hizo ni uniti 75 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000), na bili haisubiri mchicha ukomae. Kwa hiyo mwaka wa kwanza limeni matuta 20 tu. Zitakuwa uniti 30 hivi kwa mwezi, kiasi ambacho kaya 40 zinaweza kukichangia bila kununiana.

Kijito hicho msikitumie kwenye mboga za majani. Vijito vya mjini kwetu vinashuka kutoka milimani vikipita nyuma ya vyoo, gereji na mabanda ya mifugo. Vimelea vya kuhara na mayai ya minyoo hubaki kwenye majani, na watu wengi hapa hupika chainizi juu juu tu. Kibaya zaidi ni madini ya risasi kutoka kwenye betri chakavu: mmea huyafyonza, na hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Pimeni umbali huo kabla ya kuchimba tuta la kwanza, mkiwa na mtendaji wa mtaa.

Maji ya mvua yatawasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Paa la bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hukupa kama lita 1,600 baada ya kupunguza zinazopotea. Mvua tatu au nne za namna hiyo zinajaza tanki la lita 5,000, ambalo ni maji ya matuta 20 kwa siku tano. Kiangazi hayatawavusha, lakini vuli ikikatika katikati, ambavyo hutokea, yanaokoa miche.

(Wasomaji wa Luchelele na Kayenze mnaochota ziwani: msiingie majini miguu mitupu, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, maana ndipo vijidudu vya kichocho vinapokuwa vingi. Vuteni kwa pampu, na maji yakae siku mbili kwenye tanki lisilo na konokono kabla ya kuyashika.)

Sasa udongo. Huo wa kichanga, ambao Wasukuma wanauita luseni, haushiki maji. Mwagilia asubuhi, rudi saa nane mchana uchomeke kidole: juu pamekauka vumbi, na unyevu umeshuka chini ambako mizizi ya mchicha haifiki. Kiangazi tengenezeni tuta la kuzama, chini ya usawa wa njia kwa kina cha kiganja. Masika liinueni ili miche isioze. Kila tuta litieni madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza vizuri, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu ya zizi, kisha tandazeni maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za kukoboa ni mlima. Mabaki ya samaki kutoka soko la Mwaloni ni mbolea nzuri, ila yafukieni katikati ya rundo la mboji, la sivyo mbwa na korongo watahamia hapo. Magugu maji yaacheni kabisa. Yanafyonza uchafu wa ziwa, na mboga zenu haziuhitaji.

Sasa tuje kwa watu. Mimi nisingegawa tuta kwa kaya moja, wala nisingefanya shamba zima kuwa la wote. Cha wote hakina mwenyewe siku ya kumwagilia, na tuta la kaya moja hukauka wiki ambayo mwenyewe amepata msiba Magu. Toeni matuta 15 kwa kaya mbili mbili, wachaguane wenyewe. Mmoja akisafiri, mwenzake anashika keni ya kumwagilia. Hizo ni kaya 30. Matuta matano yawe ya kikundi, yauzwe, na fedha zake ziende kwenye bili ya maji na mbegu. Kaya 10 zilizobaki ndizo ziyahudumie, na zilipwe kwa mboga kila mavuno mpaka nafasi ipatikane. Wazee na wenye ulemavu wapewe kitalu kilichojengwa juu kwa kimo cha meza. Kazi ya miche inataka mkono mtulivu kuliko mgongo wenye nguvu. Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya kazi ya pamoja. Watu wa huku wamezoea kulima kwa bugobogobo, majembe yakifuata ngoma, kwa hiyo hilo halitakuwa geni.

Zao la kwanza liwe mchicha na mgagani. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na mtu aliyekula jasho lake mapema hurudi. Nyanya ziacheni msimu huu. Zinaleta kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, mmoja anapiga dawa, na upepo unaipeleka kwenye chainizi ambayo jirani anavuna kesho yake asubuhi. Wekeni sharti kwenye katiba ya kikundi kwamba hakuna bomba la dawa kuingia shambani bila kuandikwa kwenye daftari, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Ruhusa ya mtaa iwe ya maandishi, na muhtasari wa kikao uonyeshe muda, usiopungua miaka mitatu. Kikundi kisajiliwe halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Wanawake, vijana na wenye ulemavu mtaweza baadaye kuomba ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ila msikope kabla hamjalipa bili za maji za msimu mzima kwa mauzo yenu wenyewe.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Samadi ianze kuozeshwa Julai, na matuta yawe tayari katikati ya Septemba. Mwiteni afisa kilimo wa kata siku ya kupima kiwanja, siyo siku ya uzinduzi.