Mshipi unajisokota baada ya kuuzungusha kwa keekee: kosa liko wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nawapeleka wageni kuvua kolekole kwa chambo cha manyoya, pande za Mtwapa. Nimejitengenezea mashine ya kujazia rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi: rili naifunga kwenye keekee ya betri, bobini ya mshipi mpya naiweka chini sakafuni, nabonyeza, dakika moja kazi imekwisha. Lakini mshipi ukifika majini unajisokota kama kamba ya usumba. Juzi kolekole alipokimbia, mshipi wa akiba, ule mwembamba unaolala chini kabisa ya rili, ulikwama ndani ukakatika. Ninunue keekee ya mwendo wa polepole? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa huyo kolekole. Keekee usiinunue kwanza. Msokoto wako unaanzia sakafuni, kwenye ile bobini uliyoilaza.

Bobini ikilala bila kuzunguka, mshipi hutoka kwa ubavu, na kila duara linaloteremka linaacha msokoto mmoja. Piga hesabu. Bobini ya kipenyo cha sentimita 15 ina mzunguko wa sentimita 47 hivi. Mshipi wa kurushia, ule mnene wa juu unaobeba chambo, una urefu wa mita 30 au karibu na hapo. Basi umeujaza misokoto zaidi ya 60 kabla haujaonja maji. Ukitaka kuhakikisha, shika kipande cha mita moja, sogeza mikono yako pamoja polepole, utazame tumbo linaloning'inia katikati. Likitulia, mshipi ni mzima. Likijizungusha lenyewe mara tatu nne, ndiyo hiyo misokoto.

Ndiyo maana mtu akiniomba nimsaidie kutengeneza mashine hii, namwambia aanze na upande unaotoa mshipi. Wengi huhangaikia upande unaovuta, wakasahau kwamba bobini na rili lazima zizunguke zote mbili, zikitazamana, ekseli zao sambamba.

Chukua ubao wa sentimita 60, usimamishe miguu miwili ya mbao upande mmoja. Toboa miguu hiyo, pitisha boliti ya milimita 8 isiyoshika kutu, na bobini ikae katikati, kila upande ikiwa na washa, kile kipete bapa cha chuma. Sasa breki: kata duara la ngozi ya kiatu kikuukuu, liweke kati ya bobini na mguu, kisha nje tia springi na nati ya mabawa. Ukikaza nati, bobini inakuwa nzito, ukilegeza, inakwenda. Upande wa pili wa ubao funga rili kwenye kipande cha fimbo iliyovunjika, pale penye kikalio chake. Rili ina mpini wake, zungusha kwa mkono.

Breki ndiyo dawa ya kule kukwama. Mshipi wa akiba ukilazwa kwa ulegevu, samaki akivuta, duara la juu linazama katikati ya yale ya chini na kujibana. Mimi hupima hivi: nafunga pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye ncha ya mshipi wa akiba, nakaza nati mpaka bobini ianze kuzunguka kwa shida kwa uzito ule. Mshipi upitishe vidoleni ndani ya kitambaa chenye maji, na uwe ukiupeleka mshipi kulia na kushoto ulale sawasawa. Zamu ya ule mnene wa kurushia ikifika, legeza nati. Huo unataka kulazwa tu. Na soma lebo ya bobini: ncha nyembamba ndiyo inayoungana na akiba, ile nene yenye uzito inabaki nje.

Utauliza akiba itoshe kiasi gani. Hapa ndipo mashine inapolipa. Anza kinyume: zungusha kwanza mshipi wa kurushia kwenye rili, ncha ya mbele, ile nene, ikitangulia, uunganishe na akiba, endelea mpaka zibaki milimita 5 kufika ukingoni, kata. Sasa kipimo ni sahihi, ila mpangilio umepinduka: akiba iko juu. Ukihamishia kwenye gurudumu moja la pembeni kisha ukarudisha, utarudi umepinduka vilevile. Lazima magurudumu mawili: toka rili kwenda la kwanza, la kwanza kwenda la pili, la pili kurudi kwenye rili. Nilizunguka na hili jambo siku nzima nilipokuwa mwanagenzi, mpaka nikalichora kwa chaki ukutani. Kwa magurudumu tumia bobini tupu za waya wa umeme zenye kipenyo cha sentimita 20 hivi. Piga kijiti cha mpini pembeni. Keekee yako itumie hapa tu, kwa akiba, mwendo wa chini. Mshipi wa kurushia umevikwa plastiki, na kitambaa kikipita mbio huchemka na kuulainisha.

Huo uliosokotwa usiutupe. Toa chambo na uzi wa mbele unaokishika, uache wote nyuma ya boti inayokwenda polepole kwa dakika kumi, utajifungua wenyewe. Kisha uoshe kwa maji ya mfereji, maana visima vyetu vingi Mombasa vina chumvi. Na kabla ya kuushika nawa mikono kwa sabuni: petroli ya injini na dawa ya mbu huila ile plastiki mpaka ipasuke.

Kabla hujatoboa miguu, pima matundu ya bobini zako zote. Hayalingani, na bobini inayocheza kwenye boliti hulaza mshipi upande mmoja. Zungushia boliti mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ikae.