Ukienda Kisumu Likizo ya Agosti, Tafuta Mama Wako wa Samaki

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Agosti tunaenda Kisumu kwa shangazi yake mume wangu. Sitaki kukaa mwezi mzima nyumbani kwa watu nikiangalia televisheni na watoto. Nitoke niende wapi?" Nadhani alitaka nimtajie Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, na boti za kwenda kuona viboko. Huko atafika tu, watoto hawatamwacha. Jibu langu ni lingine: nenda sokoni kwanza. Panda tuktuk asubuhi mpaka soko la Jubilee, ingia ndani kabisa, na usitoke mpaka umepata mtu wako.

Hili nalisema nikijua uzito wake. Mimi nimeolewa Kisumu lakini kwetu ni Nakuru. Nimekulia soko la Wakulima, mama akiuza viazi vya Molo na karoti, mimi nimekaa juu ya gunia nikirudisha chenji. Kelele za soko hazijawahi kunitisha. Lakini likizo ile ya kwanza ukweni, wifi yangu alisema mezani, watu wote wakisikia, kwamba watu wa Nakuru hawajui samaki, wanachojua ni viazi. Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa pale na hakusema kitu. Miaka imepita, tumeshapatana, tunapigiana simu, lakini neno lile bado lipo kifuani.

Kulipokucha nilichukua kikapu cha mama mkwe bila kumwambia mtu, nikaenda.

Ukitoka kwenye jua la Kisumu ukaingia chini ya paa la soko, macho yanachukua muda kuzoea. Kinachokupokea kwanza ni harufu: samaki wa moshi, dania, mananasi yaliyoiva. Akina mama wa mboga wamekaa kwa safu wakichambua osuga (managu) na dek (saga), vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu, na mdomo haupumziki. "Kastama, karibu! Mama, chukua fungu mbili!" Nikapita. Nilikuwa natafuta meza za samaki.

Mama aliyenisimamisha alikuwa mtu mzima, ana aproni ya plastiki na kisu kilichonolewa mpaka kimekuwa chembamba. Aliona nazunguka meza yake bila kuuliza bei. "Wewe mgeni. Umetoka wapi?" Nikamwambia Nakuru. "Basi njoo, nyar Nakuru, uangalie," akasema, yaani binti wa Nakuru. Akamshika ngege mmoja, yaani tilapia, akafunua shavu kwa kidole gumba. Ndani palikuwa pekundu, panang'aa, bado pana utelezi. Akambonyeza ubavuni, nyama ikaingia, ikarudi mahali pake papo hapo. Kisha akanivutia mwingine kutoka pembeni. Shavu lake lilikuwa la rangi ya majivu, jicho limezama, na alipombonyeza alama ya kidole ikabaki. "Huyu amelala," akasema. "Huyu nitamkaanga mimi niuze bei ya chini. Wewe usimpeleke kwa mama mkwe." Akanieleza pia kuhusu samaki wa China wanaokuja wamegandishwa kwenye maboksi, na wale wa vizimba vya ziwani, na wale wa wavu. Kila mmoja ana bei yake na ladha yake, na muuzaji mwaminifu atakwambia ni yupi ukimuuliza kwa adabu.

Halafu akakunja mikono. "Sasa chagua wewe."

Nikachagua. Akawapaa magamba, akawapasua, akanifungia. Nyumbani mama mkwe alifunua mashavu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kimya. Akauliza nani kanichagulia. Nikasema nimechagua mwenyewe. Akamwita wifi yangu jikoni, akamwambia kwa Dholuo maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila "Nakuru" niliisikia. Sijaona sababu ya kuificha furaha niliyoipata siku ile.

Basi dada, sikiliza. Siku ya kwanza sokoni usinunue vingi. Zunguka, salimia, uliza. Ukimpata anayekufundisha badala ya kukuharakisha, nunua kwake, na kesho rudi kwake. Keshokutwa pia rudi kwake. Usihame kwa sababu wa meza ya pili amepunguza shilingi ishirini. Wengi wetu tukienda ugenini tunataka kuonekana wajanja, tunambana mama wa watu bei mpaka anaumia, halafu jioni tunalipa mara tatu hotelini kwa samaki yule yule bila kunung'unika. Hiyo si sawa, na nitaisema kila nikipata nafasi. Mtu anayekujua hatakuuzia samaki aliyelala. Atakufichia mzuri chini ya gunia mpaka ufike.

Nenda na watoto. Wangu walijifunza mbuta (sangara), mumi (kambare) na kamongo kwa kuwaona mezani na kuwagusa. Waliona pia mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwenda nje, ikikaangwa na kununuliwa na watu wa hapa. Binti yangu akauliza mbona nyama inaenda na sisi tunabaki na mfupa. Swali kama hilo mtoto halipati kwenye friji ya supamaketi.

Mboga nitazipita haraka kwa sababu mama yeyote atakufundisha: apoth (mrenda) ipikwe pamoja na kunde isizidi kuteleza, osuga ichemshwe ikamuliwe kisha itiwe maziwa. Ukitaka vingi kwa bei ya jumla subiri Jumapili uende Kibuye, soko la wazi, lakini huko jua ni kali na msongamano ni mkubwa. Kwa kujifunza, anzia ndani ya mji.

Agosti ina uzuri mwingine. Uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hufungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai ili wazaane, kwa hiyo ukifika Agosti ziwa limefunguliwa na omena mpya imejaa mezani. Chukua ile yenye rangi ya fedha. Iliyogeuka ya kahawia mara nyingi imenyeshewa ikianikwa, na itakuwa chungu. Tia mkono ndani ya gunia mpaka chini, usiishie juu, kisha usugue kiganjani: ukisikia mchanga, hiyo imeanikwa chini badala ya wavuni. Mama wako hatakasirika ukifanya hivyo. Wangu alikasirika siku niliyonunua bila kusugua.

Omena ya kurudi nayo nyumbani mwagize mama wako siku mbili kabla ya safari, akupimie gorogoro zako (makopo ya kupimia) na kuzianika tena juani zikauke kabisa. Funga kwa karatasi, kisha uweke kwenye kikapu. Ukizifungia mahali pasipopita hewa zitatoa jasho njiani, na ukifika zitakuwa zimeanza kunuka. Basi la asubuhi ni zuri kuliko la usiku kwa sababu unaweza kupita kwake kwanza, ukamlipa na kumuaga.