Unayetaka Kumchora Mtawala, Anza na Mikono Yake

Wiki iliyopita picha yangu ya Ivan wa Nne, tsar wa Urusi aliyebandikwa jina la Ivan wa Kutisha, ilikubaliwa katika maonyesho yaleyale ambayo miaka miwili iliyopita yaliikataa picha yangu ya kwanza ya mtawala huyohuyo. Wakati ule sikupewa sababu hata ya mstari mmoja, na nakiri kwamba jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hata hivyo, picha ile ilistahili kukataliwa. Nilikuwa nimemketisha Ivan kwenye kiti cha enzi, nikatumia miezi minne kuchora vito vya taji lake kimoja kimoja, na usoni mwake hapakuwa na mtu.

Kilichonifumbua macho ni picha ya mchoraji Mrusi Ilya Repin ya mwaka 1885, iliyohifadhiwa katika Jumba la Tretyakov mjini Moscow. Inasimuliwa kwamba mwaka 1581 Ivan alimpiga mwanawe kwa fimbo yake, naye akafa. Repin hakuchora pigo. Alichora dakika iliyofuata. Fimbo iko chini, kiti kimepinduka, na mzee amemkumbatia kijana wake huku kiganja chake kimebana jeraha la kichwani mwa kijana huyo, damu ikipenya kati ya vidole. Mkono ule uliokuwa ukiamuru nchi nzima hauwezi kuzuia damu ya jeraha moja. Alexander wa Tatu, tsar wa wakati wa Repin, aliichukia picha hiyo, na kwa miezi kadhaa ilipigwa marufuku kuonyeshwa hadharani.

Kabla yake, mtunzi wa muziki Mrusi Rimsky-Korsakov, aliyekuwa afisa wa wanamaji, alikuwa amefika hapohapo kwa njia ya muziki. Opera yake ya Binti wa Pskov, iliyoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1873, inamleta Ivan akiwa ametoka kuuangamiza mji wa Novgorod, tayari kuuadhibu mji wa Pskov, kisha anagundua kwamba msichana wa mji huo, Olga, ni damu yake. Mwishoni anabaki akiomboleza juu ya maiti ya Olga. Sheria ya wakati huo iliwaruhusu watawala waliotangulia ukoo wa Romanov, uliokuwa ukitawala Urusi, kuonekana katika tamthilia, lakini si katika opera, kwa kuwa ilionekana ni kumvunjia tsar heshima kumsimamisha jukwaani aimbe. Ilibidi ndugu wa tsar aliyekuwa akitawala wakati huo aombwe msaada ndipo kibali kipatikane.

Kwa hiyo, ndugu zangu wachoraji, acheni kuyapamba mataji. Mtafuteni mtawala katika saa ambayo amri yake haisikilizwi na kitu chochote, wala msiwaogope wakubwa watakaochukia, maana tsar mwenyewe alichukia na picha ikabaki. Mkikataliwa, rudini kazini. Narudia, rudini kazini.

Katika picha yangu mpya, Ivan hana taji. Ameketi gizani, mkono wa kulia umeishika fimbo, na wa kushoto, ambao niliufuta mara tisa, unapapasa mahali patupu ambapo mwanawe angekuwa amekaa.