Nimpeleke mama Uganda au Dubai?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza dagaa wa jumla Mwaloni Kirumba, na nimeweka akiba nimpeleke mama nje ya nchi, mimi na yeye tu. Mama ni mzaliwa wa Muleba, ana miaka 67, ana presha na magoti yanamsumbua. Anataka Uganda, akasali Namugongo. Kaka yangu anasema Uganda si kutembea, nimpeleke Dubai. Nimepanga siku sita: Namugongo, makaburi ya Kasubi, Jinja, visiwa vya Ssese, wanyama wa Entebbe na maporomoko ya Murchison. Nimepanga vizuri?
Binti wa Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama ameshataja anakotaka kwenda, basi habari ya Dubai imekwisha. Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa imani wanaokumbukwa Namugongo, walipotangazwa watakatifu mwaka 1964, mama alikuwa binti mdogo. Amekua na majina yao. Kaka ana nia njema, lakini safari hii ni ya mama.

Orodha yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Murchison iko mbali, kaskazini-magharibi, hiyo ni safari nyingine kabisa. Ssese iko katika Ziwa Victoria, lilelile analoliona kila siku. Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, watu huvua viatu na kuketi chini mkekani. Kwa magoti hayo, mwonee huruma. Bakiza Namugongo na Jinja. Entebbe mkipata nafasi.

Msiende kwa mkupuo mmoja. Pandeni basi asubuhi Nyegezi, mpite daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, mlale kwa ndugu upande wa Muleba au Bukoba. Kesho yake mvuke Mutukula, mshike njia ya Masaka. Kayabwe mnapita mstari wa Ikweta. Kama mna gari la kukodi, shukeni mpige picha, mguu mmoja kusini, mwingine kaskazini.

Namugongo msiende tarehe 3 Juni. Ndiyo siku Lwanga alipochomwa moto mwaka 1886, na umati unaofika siku hiyo mama hatauweza. Chagueni siku ya kawaida. Kanisa limejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Waganda, na lina nguzo 22, kwa hesabu ya mashahidi Wakatoliki. Ukifika, usimwambie "mama, twende". Marehemu mama yangu aliketi kwenye benchi pale mpaka misa nyingine ikaanza, nami nikaketi naye. Nashukuru mpaka leo kwamba sikumharakisha.

Jinja ni kama kilomita 80 kutoka Kampala. Njiani, Namawojjolo, wachuuzi watawaletea kuku wa kijiti na ndizi za kuchoma mpaka dirishani. Mwambie mama kwamba Nile ndiyo mto pekee unaotoka katika ziwa letu; mito mingine yote inaingia. Mvumbuzi Mwingereza Speke aliliona ziwa hili akiwa Mwanza mwaka 1858, akafika Jinja 1862 kuona maji yanakotokea. Maporomoko aliyoyaona yalizama baada ya bwawa la Owen kukamilika 1954, kwa hiyo usimwahidi mama maporomoko. Mwahidi boti. Mteremke ngazi polepole, na mvae maboya kabla boti haijaondoka.

Sasa makaratasi. Viza hamhitaji. Mnahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapo sikiliza vizuri: mtu aliyevuka miaka 60 akichanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji kuonwa na daktari kwanza, kwa sababu madhara ya chanjo hiyo, ingawa ni nadra, huongezeka kwa wazee. Cheti nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Mpeleke mama hospitali wiki hii, daktari ajue na dawa zake za presha, ndipo ukakate tiketi.