Roboti ya sarafu haihesabu, inabeba

SWALI: Shikamoo babu. Nina genge hapa Tanga, nauza nazi, vitunguu na mafuta ya kupima. Mwanangu yuko VETA, anasoma umeme wa viwandani. Juzi kanikuta nahesabu sarafu za kwenye ndoo, akanicheka. Anasema Australia kiwanda cha serikali cha sarafu kina roboti, hakuna tena mtu wa kushika hela. Ni kweli? Hiyo roboti ndiyo inayotengeneza sarafu, au inahesabu tu? Na waliokuwa wakiifanya kazi hiyo wamekwenda wapi?
Mama Genge, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana hajakudanganya, ila kasimulia nusu. Hiyo roboti nimeiona kwa macho yangu mwaka 2019, nilipokwenda kumsalimia binti yangu Canberra, mji mkuu wa Australia.

Kiwanda chenyewe kinaitwa Royal Australian Mint. Kilifunguliwa 1965, maana mwaka uliofuata Waaustralia waliacha pauni na shilingi wakaingia kwenye dola. Mwaka huohuo wa 1966 ndipo nasi tulipopata sarafu zetu wenyewe, senti tano ya samaki na sumni (senti hamsini) ya sungura, ingawa zetu zilipigwa Uingereza. (Tena za pwani yetu ziliwahi kufika Australia zamani: mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Zilifikaje, wataalamu wanabishana hadi leo.)

Wageni hupandishwa ghorofani, mkasimama nyuma ya kioo na karakana yote iko chini yenu. Wenzangu walikuwa wanatazama mashine za kupiga sarafu. Mimi nilikuwa natazama mapipa. Nimefanya kazi miaka 27 kwenye chumba cha fedha cha benki moja, na mtu wa chumba cha fedha akiona sarafu haoni hela, anaona mzigo.

Kupiga sarafu si kazi ya roboti. Vile visahani vitupu vya chuma huingia kwenye mashine, kimoja kimoja, kila kimoja kikakaa ndani ya pete katikati ya mihuri miwili. Mihuri ikikutana, picha zinatokea pande zote mbili kwa pigo moja, na zile meno za pembeni zinatokana na pete. Mashine za siku hizi hupiga zaidi ya sarafu 600 kwa dakika. Huwezi kuona sarafu, unaona mchirizi.

Sasa piga hesabu nami. Dola moja ya Australia ina gramu 9. Sarafu 600 ni kilo 5 na nusu hivi, kwa dakika moja. Kwa saa ni zaidi ya kilo 320, mashine moja tu. Ile ya senti 50, yenye pembe 12, ina gramu 15 na nusu. Hiyo kwa saa inapita kilo 550. Na kilo hizo zimebebwa mara mbili: zikiwa tupu kwenda kwenye mashine, na zikishapigwa kutoka. Mashine inameza haraka kuliko mwanadamu anavyoweza kuilisha. Hapo ndipo roboti inapoingia.

Wameipa jina Titan. Usifikirie mtu wa chuma mwenye kichwa na macho. Ni mkono mmoja mnene uliofungwa sakafuni, wenye uwezo wa kunyanyua hadi kilo 1,000. Inashika pipa, inalipandisha, inageuka nalo polepole kama mama aliyebeba mtungi kichwani, kisha inamimina. Haitikisiki. Nilisimama pale hadi binti yangu akauliza kama naumwa.

Siumwi sasa, lakini niliumwa. Mwaka 1988 nilinyanyua mfuko wa shilingi moja moja kutoka sakafuni kwenda kwenye toroli, nikasikia kitu kimeita kiunoni. Mfuko ukapasuka, sarafu zikatawanyika chini ya makabati. Nilikaa nyumbani wiki sita. Niliporudi, mkuu wangu wa kazi aliniuliza kwanza kuhusu shilingi kumi na nne ambazo hazikuonekana.

Kwa hiyo ukiniuliza waliokuwa wakibeba wamekwenda wapi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: panapowekwa mkono kama ule, mikono ya watu inapungua. Lakini nilipotazama chini watu walikuwapo. Mmoja alikuwa anakagua sarafu kwenye sinia, mwingine ameinama kwenye mashine iliyosimama, ana spana. Kazi ya kunyanyua pipa mimi siililii. Anayeililia hajawahi kuifanya.

Lile la kwamba hakuna tena mtu wa kushika hela, mwanao kalitia chumvi. Kiwanda hichohicho, miaka ya 2000, kilikuwa na mfanyakazi aliyekuwa akitoka na sarafu ndani ya buti na kwenye kopo la chakula. Hadi anakamatwa alikwishabeba zaidi ya dola 130,000, mahakama ikamfunga. Hata kama zote zingekuwa za dola mbili mbili, za gramu 6.6, hizo ni zaidi ya kilo 420 zilizotoka kwa miguu! Roboti haivai buti, hilo nakubali.

Kabla ya kuondoka nilipanga foleni na watoto wa shule kwenye mashine ya wageni. Nililipa dola tatu, nikabonyeza, nikajipigia dola moja. Binti yangu alisema baba, umekaa benki miaka yote hiyo ukalipa tatu kununua moja? Ninayo hadi leo, iko kwenye droo ya miwani.

Ama ndoo yako, acha kuhesabu moja moja. Viwandani na benki sarafu hupimwa kwa uzito, na mizani unayo hapo gengeni. Tenganisha kwanza: za 50 kivyake, za 100, za 200, za 500. Hesabu mia moja za aina moja, zipime, andika uzito wake ukutani. Baada ya hapo unapima rundo zima unagawanya. Toa uzito wa ndoo yenyewe, wengi husahau. Na kijana ndiye abebe kwenda benki, lakini kwa safari mbili.