Ripoti ya ustawi wa jamii na mume aliyekupiga

Pole sana dada. Umeuliza afisa ustawi wa jamii atakayewahoji hapo Dodoma kabla ya hukumu ya malezi ya watoto umwambie nini kuhusu kupigwa, kwani mumeo anadai ni "ugomvi wa kawaida".

Usiseme tu "ananipiga". Taja tarehe, mahali, alichotumia, na watoto walikuwa wapi. Mtoto aliyesikia akiwa chumba cha pili naye ameumia. Anza na yale ya hatari zaidi: kukukaba koo hata mara moja, kutishia kuua, kushika panga, kipigo kinachozidi. Wengi huficha kukabwa kwa sababu hakukuacha alama, na ndiyo dalili ya hatari nzito kuliko jicho lililovimba.

Beba nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), namba ya taarifa ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na meseji za vitisho bila kuzifuta. Omba kuhojiwa peke yako. Mkikaa pamoja utanyamaza, na ripoti itaandika "wanaelewana".

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatanguliza ustawi wa mtoto, kwa hiyo omba makabidhiano ya watoto yafanyike ofisini kwa afisa, si nyumbani kwako. Kipindi cha kuachana ndicho hatari zaidi.